Kofia ya jino baada ya kutibiwa mzizi: kazi yake, aina zake na utunzaji wake

Mwalimu wa Tanga anauliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Gego langu la chini upande wa kulia lilitoboka, likazibwa, na baadaye likaanza kuuma usiku kiasi cha kuninyima usingizi. Daktari alipiga eksirei, akaona kwamba uozo umefika kwenye kiini cha jino, akatibu mzizi badala ya kuling'oa. Namshukuru Mungu kwamba maumivu yamekwisha. Kwa sasa jino limezibwa kwa dawa ya muda, na daktari ananihimiza nirudi mapema ili livishwe kofia, yaani gamba gumu la kulifunika jino pande zote, kazi ambayo gharama yake inazidi yote niliyokwisha kulipa.

Naomba kueleweshwa mambo ambayo foleni ya wagonjwa haikuniruhusu kuyauliza kwa utulivu. Ikiwa jino haliumi tena na tundu limezibwa, kofia inaongeza nini? Nimetakiwa pia kuchagua kati ya kofia ya chuma kitupu, ya chuma kilichofunikwa kwa kauri, na ya zirkonia, ile nyeupe ngumu isiyo na chuma ndani. Bei zake zinapishana sana, nami sitaki kuchagua kwa kuangalia weupe peke yake. Tena, nikishavishwa, jino hilo linatunzwaje? Asubuhi hutumia mswaki wa mti na usiku mswaki wa dukani, napenda miwa na mahindi ya kuchoma, na mume wangu husema kwamba ninasaga meno usingizini.

Linalonitia hofu zaidi ni habari ya shangazi yangu. Alitibiwa mzizi na kuvishwa kofia miaka mingi iliyopita. Siku moja kofia ikatoka nzima, bila ufa wowote, lakini jino lililokuwa chini yake lilikuwa limebaki kisiki cheusi kisichofaa kitu, ikabidi ling'olewe. Katika muda wote huo hakusikia maumivu. Je, kofia ndiyo iliyomwozesha jino?

Daktari wa Meno, Dar es Salaam anajibu:

Mwalimu, pole kwa usumbufu uliopitia. Nitaanza na habari ya shangazi yako, kwa kuwa ndani yake mna majibu ya karibu maswali yako yote.

Kofia yenyewe haiozi, wala haiozeshi jino. Kinachooza ni sehemu ya jino iliyobaki chini yake, na mara nyingi uozo huo huingilia mahali pamoja, kwenye ukingo, yaani ule mstari karibu na fizi ambapo kofia inaishia na jino linaanza. Ukoga ukiachwa hapo siku baada ya siku, bakteria waliomo hugeuza sukari tunayokula kuwa asidi, asidi huyeyusha madini ya jino, na uozo hupenya polepole kuelekea ndani. Paa la bati linaweza kubaki imara juu huku mchwa wanamaliza nguzo chini. Shangazi hakusikia maumivu kwa sababu, wakati wa kutibu mzizi, neva iliyomo ndani ya jino huondolewa, na jino lisilo na neva haliwezi kumwonya mwenyewe kwa baridi wala kwa utamu. Tena mionzi ya eksirei haioni vizuri kilichofunikwa na chuma au zirkonia, kwa hiyo uozo ulio chini ya kofia huweza kujificha hata kwenye picha mpaka umeshakuwa mkubwa. Ndiyo maana mtu aliyetibiwa mzizi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuliko mwenye kofia juu ya jino lililo hai.

Sasa, kwa nini uvishwe kofia ilhali huumwi? Gego hutafuna kwa nguvu kubwa, na uimara wake unategemea kuta zake zote kushikana. Uozo ulikula sehemu ya kuta hizo, ujazo wa kwanza ukachukua sehemu nyingine, na daktari alilazimika kufungua njia katikati ili aifikie mizizi. Zilizobaki ni kuta nyembamba zinazosukumwa kwenda nje kila unapotafuna. Ukuta mmoja ukipasuka juu ya fizi, bado tunaweza kuliokoa jino; ufa ukishuka hadi kwenye mzizi, huwa hakuna njia ila kuling'oa. Kofia hulikumbatia jino pande zote ili kuta hizo zisitanuke. Faida yake ya pili ni kuzuia mate na bakteria wasipenye tena kwenye mizizi iliyosafishwa. Dawa ya muda uliyowekewa si ya kukaa miezi. Huanza kulika na kuvujisha baada ya wiki chache, na matibabu mazuri ya mzizi huharibika kwa njia hiyo. Naona wengi wakisimama hapo kwa sababu maumivu yamekwisha, na baadaye wanarudi na jino lililopasuka vipande viwili. Ikiwa fedha hazijatimia, mwombe daktari akuwekee ujazo wa kudumu na apunguze vilele vya jino, wakati unajikusanya. Niongeze kwamba si kila jino lililotibiwa mzizi linahitaji kofia: jino la mbele lililotoboka kidogo mara nyingi hutosheka na ujazo mzuri.

Siku ya kazi, jino hupunguzwa kwa takriban milimita 1 hadi 2, kutegemea aina ya kofia, ili kofia ipate nafasi bila kuvimbisha jino. Kisha huchukuliwa umbo lake kwa silikoni au kwa kamera maalumu, nawe huvishwa kofia ya muda ya plastiki wakati ya kudumu inatengenezwa maabara. Hiyo ya muda hubandikwa kwa simenti dhaifu kwa makusudi, ili iweze kutolewa. Usitafunie upande huo vitu vya kunata, na uzi wa meno ukishaupitisha uutoe kwa kuuvuta pembeni badala ya kuunyanyua.

Kofia ya kudumu hujaribiwa kabla ya kubandikwa, na hapo nakuomba usione haya. Uma meno, sogeza taya kushoto na kulia, na ukihisi kwamba kofia inagusa kabla ya meno mengine, sema. Ganzi huweza kukudanganya, kwa hiyo hata ukigundua kesho yake, rudi. Kofia iliyo juu kidogo tu hubeba mzigo usio wake, jino huanza kuuma kila unapotafuna, na kauri inaweza kumeguka, ilhali kuirekebisha ni kazi ya dakika chache. Vilevile omba uzi upitishwe pande zote mbili mbele yako. Ukikwama au ukichanika, pana ukingo ambao haujakaa sawa au simenti iliyosalia, na mambo hayo yanapaswa kumalizwa kabla hujainuka kwenye kiti.

Kuhusu utunzaji, elekeza nguvu zako kwenye ukingo. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa mswaki wenye nywele laini ulioinamishwa ili nywele ziguse fizi na kofia kwa pamoja, na ukisogeza taratibu. Dawa ya meno iwe na floridi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, kiasi ambacho huandikwa kwenye boksi. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Mara moja kwa siku, hasa usiku, pitisha uzi wa meno au kibrashi chembamba kati ya gego hilo na jirani zake, kwa sababu uozo wa chini ya kofia hupenda kuanzia katikati ya meno, mahali ambapo mswaki wa aina yoyote haufiki. Uzi uushushe ukiuzungushia jino, uingie kidogo chini ya fizi. Fizi zikitoa damu siku za mwanzo, usiache. Damu hiyo kwa kawaida ni dalili ya ukoga uliokaa, nayo hupungua kadiri unavyosafisha. Ikiendelea baada ya wiki mbili hivi, fizi hizo zitazamwe.

Mswaki wa mti hauna ubaya, na wazee wetu wengi wamezeeka na meno yao kwa huo. Ncha yake iwe mpya, iliyotafunwa ikawa laini, na usisugue kwa nguvu kukatiza fizi, maana fizi zikishuka huacha wazi ukingo wa kofia na mzizi ulio laini kuliko sehemu ya juu ya jino. Kwa kuwa haupenyi kati ya meno, hauwezi kuchukua nafasi ya uzi. Mkaa, majivu na chumvi ya mawe viache kabisa.

Mahindi ya kuchoma yapukuchue, na miwa uimenye kwa kisu na kuikata vipande vidogo. Hatari kubwa ni ile ya kumenya ganda la muwa kwa magego na kuvunja mfupa kwa jino lenye kofia. Kufungua chupa kwa meno usifanye hata kwa meno ambayo hayana kofia. Linaloumiza zaidi kuliko ugumu, hata hivyo, ni sukari inayorudiarudia: chai tamu inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri huupa ukoga asidi kwa saa zote hizo. Kunywa chai yako pamoja na chakula, na katikati unywe maji.

Kusaga meno usingizini mweleze daktari kabla kofia haijaagizwa, kwa kuwa huathiri uchaguzi wa aina ya kofia. Huenda akakutengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku, nayo hulinda kofia pamoja na meno yanayokutana nayo. Hudhuria uchunguzi kila baada ya miezi sita hata kama husikii chochote. Kwa jino lisilo na neva, uchunguzi huo ndio unaoshika nafasi ya maumivu. Tafiti zilizofuatilia kofia za jino moja moja zimeonyesha kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 5. Nyingi hufika miaka 10 hadi 15, na zipo zinazopita 20.

Fundi Sanifu Meno, Moshi anajibu:

Mwalimu, daktari amelimaliza suala la utunzaji, nami naomba kusema juu ya aina za kofia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu.

Kofia ya chuma kitupu hudharauliwa kwa sababu ya rangi, lakini kwa gego la nyuma ambalo halionekani unapocheka ni chaguo la heshima. Inaweza kuwa nyembamba, hivyo jino hukatwa kwa kiasi kidogo kuliko kwa aina nyingine, na haimeguki. Aloi za dhahabu, yaani dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine, husuguana kwa upole na jino linalokutana nazo, lakini ni ghali. Zilizo nafuu hutengenezwa kwa nikeli na kromiamu, au kobalti na kromiamu. Ikiwa herini za bei ndogo au kifungo cha suruali hukuletea upele, huenda ngozi yako haipatani na nikeli, na yafaa jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya oda.

Chuma kilichofunikwa kwa kauri kimetumika kwa miongo mingi na tunakifahamu vizuri. Tunapaka kauri tabaka kwa tabaka juu ya chuma na kuichoma katika tanuri lenye joto la nyuzi 900 hivi. Udhaifu wake ni kwamba tabaka la kauri linaweza kumeguka kwa mtu anayesaga meno, na fizi zikishuka huonekana mstari wa kijivu kwenye ukingo. Mstari huo pekee si uozo, ingawa wagonjwa wengi hushtuka wanapouona.

Zirkonia huchongwa kwa mashine ikiwa bado laini, tena kubwa kuliko kipimo, kwa sababu husinyaa kwa takriban asilimia 20 ikichomwa kwenye nyuzi 1,500 hivi. Ikitoka hapo ni ngumu sana, na ile ya kipande kimoja, isiyopakwa kauri juu, humfaa mtu anayesaga meno. Sharti lake ni kung'arishwa. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri huwa na huruma kwa jino la upande wa pili, lakini ikichongwa mdomoni ili kusawazisha mng'ato kisha ikaachwa na mkwaruzo, hulila jino hilo taratibu. Kwa hiyo daktari akiipunguza, mwombe aing'arishe tena kabla hujaondoka. Kwa gego la chini la mtu anayesaga meno, mimi ningechagua chuma kitupu au zirkonia ya kipande kimoja, na kati ya hizo mbili ningeiacha bei iamue. Kofia ya bei nafuu ambayo ukingo wake umekaa barabara ni bora kuliko ya ghali iliyoacha pengo.

Nimeona nilitaje na hili, kwa kuwa uko mwambao, ambako jino la dhahabu limependwa tangu zamani. Magamba ya rangi ya dhahabu yanayobandikwa juu ya jino zima na watu wasiosajiliwa, bila kipimo wala maabara, ni kitu kingine kabisa. Ukingo wake hauligusi jino sawasawa, chakula hujikusanya chini yake, na jino zima la mtu huharibika kwa ajili ya pambo. Anayetaka dhahabu aifanyiwe kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Mkaazi wa Mombasa anajibu:

Mwalimu, pole sana. Naongeza jambo dogo, la nini kifanywe kofia ikitoka, kwa sababu kwa mamangu mzazi ilitoka akila kashata siku ya Idi, na kliniki zilikuwa zimefungwa. Daktari tuliyempigia simu alituelekeza tuisuuze, tuiweke ndani ya kijikopo chenye mfuniko, na tuangalie upande wake wa ndani. Ikiwa ndani mna simenti tupu, jino limebaki mdomoni na kofia huweza kubandikwa tena. Ikiwa mna kipande cha jino, basi jino limevunjika, na kurudisha kofia ileile huenda kusiwezekane. Alitukataza gundi ya aina yoyote ya dukani, na akamkataza mama kuipachika na kulala nayo, kwa hofu ya kuivuta hadi kwenye njia ya hewa. Alisema pia tusikae nayo wiki nyingi, maana meno ya jirani husogea na nafasi hubadilika. Mama alikuwa akipitisha mswaki juu ya kile kisiki kwa upole kila alipokula, na kliniki ilipofunguliwa kofia yake ilibandikwa upya.

Mwalimu wa Tanga anaandika:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Sasa ninajua ninacholipia, na nitamweleza daktari habari ya kusaga meno kabla hajachukua kipimo.

Niruhusuni swali moja la mwisho. Binti ya dada yangu amekulia Maji ya Chai, wilaya ya Arumeru, na kama vijana wengi wa huko meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia. Yana afya, hayamuumi, ila humtia simanzi hata anacheka akiwa amefunika mdomo. Ameambiwa kwamba avishwe kofia meno sita ya juu ili yawe meupe. Umri wake ni miaka 19. Je, tumkubalie?

Daktari wa Meno, Dar es Salaam anajibu:

Mwalimu, ningeomba msikubali kwanza. Madoa hayo husababishwa na floridi nyingi katika maji ya maeneo ya volkano kama Arumeru, ambako vyanzo vingi vimezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Hutokea utotoni, wakati meno yanajengwa ndani ya taya, na mara nyingi rangi iko kwenye tabaka la nje tu.

Kumvisha kofia msichana huyo ni kukata meno sita yaliyo hai na mazima. Katika vipimo vya watafiti Edelhoff na Sorensen vilivyochapishwa mwaka 2002, matayarisho ya kofia kamili yaliondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni. Kilichokatwa hakirudi, na baadhi ya meno yaliyokatwa hivyo hufa kiini miaka kadhaa baadaye, yakahitaji matibabu ya mzizi kama yako. Tena kofia hizo zitahitaji kubadilishwa zaidi ya mara moja maishani mwake, na kila badiliko huchukua tena sehemu ya jino. Kwako wewe kofia inaokoa kilichobaki, lakini kwake itaondoa kilicho kizima.

Ziko njia za kupanda ngazi kwa ngazi. Asafishwe kwanza ukoga na rangi ya chai, ili tuone madoa halisi ni yapi. Kisha yaweza kufanyika kusugua tabaka jembamba la nje kwa asidi hafifu na unga maalumu, pamoja na kung'arisha kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari. Madoa mepesi mara nyingi hupungua sana kwa hatua hizo mbili. Yakibaki, meno yanaweza kufunikwa kwa mbele tu kwa ujazo wa rangi ya jino, ambao hauhitaji kukata sana na hurekebishwa ukichakaa. Kofia ibaki kwa meno ambayo floridi imeyadhoofisha hata yakamegeka, jambo linalotokea kwa walioathirika vibaya. Akija aombe apigwe picha za meno kabla ya kila hatua, na asiende hatua inayofuata mpaka amejitazama kwenye kioo mchana na kuamua mwenyewe kama aliyoyapata yanamtosha.